Daftari la Mjerumani, Ukuta wa Msukuma

Caspar David Friedrich, mchoraji wa Kijerumani aliyezaliwa Greifswald mwaka 1774 na kufariki 1840, alitembea na daftari na penseli. Alichora mti mmoja mmoja, mwamba, ukuta uliobomoka, na mara nyingi akaandika tarehe pembeni. Mwaloni aliouchora leo ungeweza kutokea katika picha yake ya rangi miaka mingi baadaye. Magofu ya monasteri ya Eldena, yaliyo karibu na pwani ya Baltiki, aliyafahamu tangu ujanani. Lakini katika picha moja aliyahamishia kwenye milima ya Riesengebirge, mamia ya kilomita kutoka yalipojengwa.

Hiyo ndiyo nguvu ya daftari: kitu kikishaingia humo, kinaweza kupelekwa popote.

Hapa kwetu Usevya, katika eneo la Mpimbwe mkoani Katavi, tunaishi na majirani wenye desturi tofauti kabisa na hiyo ya daftari. Wasukuma, walioanza kuingia Mpimbwe na ng'ombe wao miaka ya 1970, wametoka katika jamii ambayo wacheza nyoka wake, wa chama cha Bayeye, walichora kwenye kuta za ndani za nyumba ya mafunzo. Walichora nyoka, watu, jua na mwezi kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Aliyeruhusiwa kuingia ni mwanachama, au yule anayeingizwa katika chama. Mkubwa wa chama alisimama mbele ya ukuta akafundisha.

Kwa Friedrich, jengo ni kitu cha kuchorwa; kwa Bayeye, jengo ndilo karatasi. Eldena ilihamishwa, ila ukuta wa udongo hauhamishiki, wala mchoro wake hauwezi kuachana na mwalimu anayeueleza. Na asiniambie mtu kwamba Friedrich aliyachunguza maumbile huku Bayeye wakijipambia tu. Mtu anayeshika koboko kwa mkono lazima amjue nyoka kuliko mchoraji yeyote aujuavyo mwaloni.

Daftari la Kijerumani lilifika hata nchini kwetu, Tanzania. Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa 1865 na kusomea uchoraji Berlin, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1891, akarudi 1905 na tena 1911. Alichora simba, tembo na nyati akiwa porini kwenyewe, jambo ambalo wachoraji wengi wa Ulaya wa wakati wake hawakulifanya. Nyasi zake ni nyasi za kweli, na mwanga wake ni wa mchana wetu. Lakini wengi wa wanyama hao aliwaua kwanza ndipo akawachunguza, na wakati wa Vita vya Maji Maji alipigana Mahenge upande wa wakoloni. Mkono wake naustahi. Hata hivyo siwezi kuzitazama picha zake kana kwamba bunduki haikuwapo.

Tena kuna kitu ambacho jicho hilo la daftari lisingekiona. Karibu na Ziwa Katavi kuna mkwaju ambapo watu huweka sadaka kwa Katabi, mzimu ambaye Hifadhi ya Katavi inaitwa kwa jina lake. Mgeni hodari angeuchora kila tawi, na bado akawa amechora mkwaju tu.

Hata hivyo ukuta una udhaifu wake. Mvua ikipenya paa, somo zima linaporomoka pamoja na udongo. Michoro ya Bayeye tunaweza kuiona leo kwa sababu mtafiti Hans Cory aliichapisha katika kitabu London mwaka 1953. Karatasi ndiyo iliyookoa ukuta, nasi tukubali deni hilo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Mpimbwe: wapeni wanafunzi daftari tupu na penseli, muwatoe nje ya darasa. Wachore nyumba ya bibi kabla haijaezuliwa nyasi ikawekwa bati, wachore viboko wa Sitalike, wachore mkwaju. Pembeni waandike tarehe kama Friedrich, na chini yake maneno ya mzee aliyewasimulia.