Bunge na Mambo ya Silaha

Msomaji, ikiwa wakaa Kaloleni, Makongeni, Bahati au Jericho, yakini umepata kuinua uso kutazama ndege ya jeshi ikipita juu ya mapaa. Kiwanja chake ki Eastleigh, jirani yako. Lakini je, umepata kujiuliza ni nani aliyeamua iletwe, na ni nani aliyemwuliza sababu?

Kiwanja kile kilikuwa cha jeshi la anga la Waingereza. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 1 Juni 1964 Jeshi la Anga la Kenya likaundwa. Ndege zake za kwanza, Chipmunk za kufundishia, zilitoka Uingereza. Nchi changa haikuwa na budi kusaidiwa. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Akupaye silaha hukupa pia mafundi wake, vipuri vyake, na pengine maadui wake.

Hayo yalidhihirika mwezi wa Aprili 1965. Meli ya Urusi, Fizik Lebedev, ilitia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya silaha za msaada. Wakati ule mataifa makubwa yalikuwa yamegawanyika kambi mbili, nao viongozi wetu walikuwa wakivutana: huku Rais Jomo Kenyatta, kule Makamu wake, Oginga Odinga. Bungeni kulizuka mabishano makali juu ya tetesi za silaha zilizodaiwa kuingizwa nchini kwa siri. Mwishowe Kenyatta akaikataa shehena, akisema kwamba silaha zile ni kuukuu, hazilifai jeshi la kisasa. Zingatia, basi: kukubali msaada kulikuwa shauri la Serikali, na kuukataa vilevile. Wabunge walipaza sauti, lakini ufunguo haukuwa mikononi mwao.

Ufunguo huo walikuja kukabidhiwa na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 95 yasema kwamba Bunge la Taifa ndilo liidhinishalo tangazo la vita. Ibara ya 240 yasema kwamba majeshi yetu hayapelekwi ng'ambo kulinda amani, wala majeshi ya kigeni hayawekwi humu nchini, pasipo idhini ya Bunge.

Je, ufunguo huo hutumiwa ipasavyo? Tazama Embakasi, mashariki ya mji wetu. Tarehe 2 Novemba 2022 Rais William Ruto aliwaaga hapo askari waliokuwa wakienda mashariki ya Kongo, akawakabidhi bendera. Bunge la Taifa likatoa idhini tarehe 9 Novemba, juma moja baadaye. Askari walikuwa wapatao 900, na gharama ya miezi sita ya kwanza ilikadiriwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 4. Tarehe 12 kundi likawasili Goma. Sheria ilifuatwa, maana idhini ilitangulia safari. Lakini ni vigumu kwa mbunge kusema "La" wakati bendera imekwisha kukabidhiwa na akina mama wamekwisha kuagana na wana wao. Askari hao walirejea Desemba 2023, baada ya Serikali ya Kongo kukataa kuwaongezea muda.

Wako wasemao kwamba mambo ya jeshi ni siri. Ni kweli, njia watakayopita askari na idadi ya risasi zao ni siri. Lakini sababu ya kwenda, gharama, na muda wa kukaa huko si mambo ya kumficha mwenye mali. Mwenye mali ni mzazi wako, alipaye kodi kila anunuapo sabuni dukani. Na askari huyo huenda akawa kaka yako.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kesho wewe utapiga kura, na pengine utaketi Bungeni. Itakapopita ndege juu ya paa lenu, itazame kwa fahari, kisha uulize ni nani aliyeituma, na kama aliulizwa kabla ya kuituma au baada yake.