Sponsa wa Shule Yako Alitoka Wapi?
Kama ulisoma primo yenye sponsa Mkatoliki (si yule sponsa unamfikiria), hii ratiba unaijua. Ijumaa ni PPI. Kwaresima ikianza mnapakwa majivu ya matawi ya mwaka jana. Mei na Oktoba ni rozari. Na shule ni ya serikali!

Ilikuwaje? Shule nyingi za zamani zilianzishwa na wamishonari. Wakonsolata walifika Murang'a 1902, Mill Hill wakafika Kisumu 1903. Baada ya uhuru, TSC ikaundwa 1967 kuajiri walimu, halafu Sheria ya Elimu ya 1968 ikapea serikali usimamizi. Kanisa likabaki mdhamini, na kalenda yake ikabaki pia.

Mimi shida yangu ni moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini kazi ya malezi ya kiroho, lakini inasema pia dini za wengine zilindwe. Darasa letu lilikuwa na Waislamu na Wasabato, na sote tulipigwa laini moja ya majivu. Historia inaeleza kwa nini kanisa liko pale. Haielezi kwa nini hao wasiulizwe.

Kwenu waliulizwa?