Jack White

Jack White (1879–1946) alikuwa kapteni wa jeshi la Uingereza, mwenye asili ya Ireland, aliyetunukiwa nishani ya ushujaa katika Vita vya Makaburu, kisha akawa mwanamapinduzi wa mrengo wa kushoto. Alitoka katika familia ya Kiprotestanti ya Broughshane, County Antrim. Baba yake, Jenerali George White, ndiye aliyeulinda mji wa Ladysmith, Afrika Kusini, ulipozingirwa na Makaburu mwaka 1899.

Mchango wake mkubwa kuliko yote ulitokea Dublin mwaka 1913. Waajiri walikuwa wamewafungia kazi maelfu ya wafanyakazi, na polisi waliwapiga virungu mitaani. White, akishirikiana na viongozi wa wafanyakazi James Connolly na James Larkin, alianzisha Irish Citizen Army, kikosi cha kuwalinda wafanyakazi hao, akawafundisha kwata kwa ujuzi uleule alioupata jeshini. Connolly alipohukumiwa kifo mwaka 1916 kwa kuongoza uasi dhidi ya utawala wa Uingereza, White alikwenda Wales ya Kusini kuwahimiza wachimba makaa wagome ili kumwokoa. Alifungwa miezi mitatu, na Connolly akauawa.

Kumbukumbu zake, *Misfit*, zilichapishwa mwaka 1930. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania aliunga mkono wanaanarki. Alizikwa Broughshane.