Ibra, Mji wa Ukingo wa Mchanga

Wazee wa jumuiya wamenitaka niandike maneno machache katika kijitabu hiki juu ya asili ya watu wetu, Waswahili wa Bujumbura na wa ufuo wote wa Ziwa Tanganyika. Nimeona vema nianze mbali na ziwa, katika mji ambao wengi wetu twaujua kwa jina tu, kwa kulisikia midomoni mwa wazee, nao ni mji wa Ibra katika nchi ya Omani. Mwanzoni mwa mwaka wa 2019 nalikwenda huko pamoja na mke wangu, tukiwa watalii kama watalii wengine, kamera begani na kofia za jua vichwani. Sikwenda kama mwanachuoni. Basi msomaji asitaraji makubwa.

Ibra iko upande wa mashariki wa Omani, katika jimbo liitwalo Sharqiyya, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Maskati. Nyuma yake ipo milima ya Hajar, mikavu, isiyo na jani. Ukienda mbele, ukaupita mji wa Mudayrib na kufika Bidiya, ndipo uanzapo mchanga wa Ramlat al-Wahiba, vilima juu ya vilima, eneo la kilomita za mraba 12,500 hivi, makao ya Mabedui na ngamia wao. Watalii wengi huipita Ibra mbio wakiukimbilia mchanga huo, wakalale hemani na kupigwa picha juu ya ngamia. Nasi labda tungalifanya vivyo hivyo, kama si lile jina.

Mtaa wa kale tuliozungushwa waitwa al-Munisifah. Waingia kwa lango la tao, na mara wajikuta kati ya majumba makubwa ya mawe na udongo, ghorofa mbili, mengine tatu, yenye madirisha ya matao na milango iliyonakshiwa. Mengi ni magofu. Dari zimeanguka, ngazi zaishia hewani, na njiwa ndio wenye nyumba. Wenyeji walihama polepole baada ya mwaka wa 1970, ulipoingia umeme na barabara za lami, wakajenga nyumba mpya karibu na njia kuu. Juu ya vilima vinavyouzunguka mji imesimama minara ya walinzi, maana kabila na kabila hawakuaminiana. Misikiti ya kale ni midogo, haina minara, kama ilivyokuwa desturi ya Waibadhi.

Katika nyumba moja iliyosalia na kipande cha dari niliona boriti. Aliyewahi kukaa Unguja au Lamu hawezi kukosea kuzitambua; ni miti ya mikoko. Kijana aliyetuongoza alisema kwamba zilikuja kwa majahazi kutoka Afrika, zikashushwa bandarini, kisha zikabebwa na ngamia hadi hapo. Tena akaongeza kwamba majumba yote hayo yalijengwa na matajiri waliofanya biashara Unguja na bara. Nikamwuliza, biashara gani? Akatabasamu, akajibu: "Biashara ya baraka." Kisha akatupeleka kwenye falaji. Simlaumu, alikuwa mwenye adabu, na aliyasema aliyofundishwa. Lakini jibu lile lilinikaa moyoni siku nyingi, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Na hiyo falaji yenyewe yafaa ielezwe, kwani bila ya kuielewa hutaelewa kwa nini mtu wa jangwani alifika hata Ujiji. Falaji ni mfereji unaochimbwa chini ya ardhi toka kwenye maji yaliyo mguuni mwa mlima, ukateremka kidogo kidogo, maili baada ya maili, mpaka maji yanapotokea yenyewe juu ya nchi penye mitende. Maji yale si ya bure. Kila mwenye shamba ana zamu yake, nayo huhesabiwa kwa nusu saa, waiitayo athar. Mchana waliipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Zamu hurithiwa, huuzwa, hukodishwa kwa mnada, huwekwa rehani. Mtu akifa akaacha wana wanane, zamu yagawanywa vipande vipande, hata mmoja apate maji yasiyotosha kunywesha mitende kumi. Ikija miaka ya ukame, maji yakapungua, huyo aliye na kipande kidogo ndiye wa kwanza kukopa na wa kwanza kuondoka. Hao ndio wazee wetu waliowaita Wamanga: watu waliokuja na pepo za kaskazi, wengi wao hawana kitu ila jambia na jina la kabila.

Kabila la Ibra lililosafiri zaidi ni al-Hirth, ambao kwetu huitwa Maharithi, na pamoja nao Wabarwani. Walikuwa na nguvu Unguja kiasi cha kumtisha mfalme. Mwaka wa 1859, miaka mitatu baada ya kufa Sayyid Said bin Sultan, ndio waliomwunga mkono Barghash alipotaka kumnyang'anya ufalme ndugu yake Majid. Waingereza wakaingilia kati, na Barghash akapelekwa Bombay. Huko kwao vilevile hawakutulia. Sheikh Salih bin Ali al-Harthi alikuwa miongoni mwa waliomsimamisha Imam Azzan bin Qais mwaka wa 1868, na mwanawe, Isa bin Salih, ndiye aliyetia mkono wake kwenye Mkataba wa Sib mwaka wa 1920 kwa upande wa watu wa bara ya Omani.

Mharithi maskini aliyefika Unguja hakuwa na mtaji. Alikwenda kwa tajiri wa Kihindi, akaandikiana naye, akapewa merikani, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo, akavuka hadi Bagamoyo. Toka hapo mpaka Ujiji ni miezi mitatu, au zaidi mvua ikikaza. Mpagazi mmoja alichukua frasila mbili, yaani ratili 70, kichwani au begani. Pembe za ndovu zilipopungua Unyanyembe, walivuka ziwa wakaingia Manyema, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Pembe hizo zilikwenda Bara Hindi zikawa bangili, na Marekani zikawa funguo za piano. Faida, kwa yule aliyeokoka homa na mishale, ilirudi Ibra ikawa majumba.

Hiyo ndiyo nusu ya habari. Nusu ya pili twaijua sisi, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta hapa tulipo.

Pembe haijibebi. Manyema watu waliuawa na kutekwa, vijiji vikachomwa, wanawake na watoto wakatiwa kamba na kuvushwa ziwa. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake, na wengine wakizama mtoni Lualaba kwa kukimbia. Wengine waliotekwa walibaki Ujiji, wengine walifikishwa pwani, na baadhi ya waliofika pwani walipakiwa majahazini mpaka Omani, wakaitunza mitende ile ile tuliyoipiga picha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini majahazi ya siri yaliendelea miaka mingi baadaye. Katika Omani utumwa haukufutwa hata mwaka wa 1970.

Mama wa bibi yangu aliletwa Ujiji toka Manyema akiwa mtoto. Alipoulizwa kwao ni wapi alijibu, "Mimi niliokotwa njiani," asiongeze neno. Wasomaji wengi wa Buyenzi wana bibi wa namna hiyo, hata kama katika kuelezana nasaba twapenda kumtaja kwanza babu aliyetoka Arabuni.

Yuko pia mtu mmoja ambaye hatuwezi kumruka, naye ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu wa bara walimpa jina la Rumaliza. Jina hilo lajieleza lenyewe. Makao yake yalikuwa Ujiji, mkono wake ukafika pande zote za ziwa, naye alishirikiana na Tippu Tip katika biashara ya Kongo. Alijaribu kuingia Burundi, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamrudisha. Katika vita vya mwaka wa 1892 hadi 1894 Wabelgiji waliziteka ngome zake, akakimbia. Wako kati yetu wamtajao kama shujaa wa Uislamu aliyepigana na Wazungu. Kupigana nao alipigana. Lakini waliokuwa wakifungwa kamba kabla ya Wazungu kuja hawakuwa Wazungu, na mimi sioni namna ya kumwadhimisha mbele ya mama wa bibi yangu.

Siku ya Jumatano liko Ibra soko la wanawake, ambamo wanaume hawaruhusiwi kuingia. Nikakaa nje chini ya kivuli, mke wangu akaingia. Alikawia sana. Alipotoka alikuwa ameshikana mkono na bibi mmoja wa makamo, nao wakizungumza Kiswahili cha kwetu kabisa, si cha Unguja. Alimsikia akibishana bei ya ubani, akamwuliza, "Dada, wewe wa wapi?" Yule bibi akajibu, "Buyenzi." Baba yake alihamia Omani katika miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipokuwa akiwaita Waomani waliotawanyika warudi. Tukachukuliwa nyumbani.

Mzee tulimkuta amekaa juu ya mkeka, mwenye miaka karibu 80. Alizaliwa katika mji wetu, naye bado auita Usumbura. Tulinyweshwa kahawa, tukala halwa na tende. Ukutani palikuwa na nasaba ya ukoo, imeandikwa kwa wino mweusi katika umbo la mti, nami nikaisifu. Mzee akaitazama kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, hapo wamo wanaume watupu. Mama wa baba yangu alikuwa Mmanyema. Hapo hayumo."

Nikamwambia, "Mzee wangu, na mama wa bibi yangu mimi alikuwa wa huko huko."

Mke wangu akamwuliza jina la bibi yake. Akajibu kwamba walimwita Faida. "Hilo ni jina alilopewa na babu. La kwao, sisi hatukumwuliza." Binti yake akamnong'oneza kwa Kiarabu, nadhani akimzuia, maana wajukuu walikuwa mlangoni wakisikiliza. Mzee akasema kwa Kiswahili, nasi tusikie, kwamba nao wana haki ya kujua. Kisha akawaita waingie, akaanza kuwahadithia habari za Ujiji, na alipokwama katika jina la mahali alinigeukia nimkumbushe.

Tulikaa mpaka alasiri. Wakati wa kuagana tulifungiwa kikapu cha tende za fardh, ambazo zamani zilipakiwa majahazini na merikebu hata New York. Mzee alitusindikiza hadi garini akiegemea fimbo, akaniuliza kama ndagala bado zaanikwa mchangani kule Rumonge. Nikamwambia bado.