Sheria ya bahati nasibu za hisani nchini Uingereza

Bahati nasibu za hisani nchini Uingereza ni droo zinazoendeshwa na vyama, shule, makanisa, misikiti, vilabu vya michezo na mashirika ya kujitolea ili kuchangisha fedha. Watu hununua tiketi zenye namba, kisha namba chache huchaguliwa bila mpangilio na wenye tiketi hizo hupewa zawadi. Kisheria hakuna tofauti kati ya droo ya kikapu cha matunda katika sherehe ya shule na bahati nasibu yenye zawadi ya mamia ya maelfu ya pauni: zote mbili ni bahati nasibu, na zote zinatawaliwa na Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Septemba 2007. Msimamizi mkuu ni Tume ya Kamari, ikisaidiwa na halmashauri za mitaa.

Msingi wa sheria hiyo ni kwamba mtu au kampuni haiwezi kuendesha bahati nasibu kwa faida yake binafsi. Kuendesha bahati nasibu isiyoruhusiwa ni kosa la jinai, linaloweza kuadhibiwa kwa faini, kifungo au vyote viwili. Anayesaidia, kwa mfano kwa kuchapisha tiketi au kutangaza droo huku akijua haina kibali, anaweza kushtakiwa pia. Nia njema si utetezi.

Sheria ya 2005 inahusu England, Wales na Uskoti. Ayalandi Kaskazini ina sheria yake, iliyotungwa mwaka 1985 na kurekebishwa mwaka 2022.

Mambo matatu yanayofanya bahati nasibu

Mpango wowote ni bahati nasibu ukiwa na mambo matatu kwa pamoja: mshiriki analipa ili ashiriki, kuna zawadi inayotolewa kwa mtu mmoja au zaidi, na mpokeaji wa zawadi anapatikana kwa bahati tupu. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, si bahati nasibu tena. Kanuni hii inaonekana ndogo, lakini karibu kila mvutano kuhusu droo za faida binafsi umetokana nayo.

Neno "kulipa" lina mipaka yake. Mtu anayetakiwa kulipa ili ajue kama ameshinda, au ili apewe zawadi aliyokwisha kushinda, anahesabiwa kuwa amelipa ili ashiriki. Kwa upande mwingine, kununua bidhaa kwa bei yake ya kawaida si malipo ya kushiriki, hata kama ndani ya pakiti kuna kadi ya bahati. Hapo sheria mpya iliigeuza ile ya zamani. Mwaka 1980 Mabaraza ya Juu ya mahakama, yaani majaji wa Nyumba ya Malodi, waliamua katika kesi ya kampuni ya Imperial Tobacco kwamba kadi za bahati zilizowekwa katika pakiti za sigara zilikuwa bahati nasibu haramu, kwa kuwa mnunuzi alilipia pakiti na kadi kwa pamoja. Leo mpango kama huo hauhesabiwi kuwa bahati nasibu, mradi bei ya bidhaa haikupandishwa kwa ajili ya droo.

Historia

Bahati nasibu ya kwanza ya serikali ya Kiingereza ilichezeshwa mwaka 1569 wakati wa Malkia Elizabeth I, ili kupata fedha za kukarabati bandari. Baadaye watu binafsi waliingia katika biashara hiyo kwa wingi, na udanganyifu ukaenea. Sheria ya mwaka 1698 ilizitangaza bahati nasibu za watu binafsi kuwa kero kwa umma. Serikali yenyewe iliendelea na zake hadi mwaka 1826, ilipochezeshwa ya mwisho. Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo karibu kila bahati nasibu ilikuwa haramu. Nafasi moja iliyoachwa mapema ilikuwa ya vyama vya sanaa: sheria ya mwaka 1846 iliviruhusu kugawa picha kwa wanachama wao kwa kura.

Ulegezaji ulianza mwaka 1934. Sheria ya mwaka huo ilikubali droo ndogo zinazofanyika katika sherehe na michezo, pamoja na zile za ndani ya kikundi kimoja cha watu. Mwaka 1956 vyama vya hisani na vya michezo vilipewa haki ya kuuzia umma tiketi, na mwaka 1976 masharti yalikusanywa katika sheria moja. Bahati Nasibu ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kuchezeshwa mwaka 1994, iko chini ya sheria yake yenyewe.

Droo zisizohitaji kibali

Sheria inaziacha droo kadhaa ndogo ziendeshwe bila leseni wala usajili, lakini kila aina ina masharti yake, na ni hapa waandaaji wa kujitolea hukosea kwa urahisi.

Inayojulikana zaidi ni droo ya ndani ya tukio: sherehe ya shule, chakula cha jioni, mechi, maonyesho. Tiketi huuzwa pale pale penye tukio na wakati wa tukio tu. Kuziuza wiki moja kabla, hata kwa wazazi wa wanafunzi, kunaitoa droo katika aina hii. Washindi wanaweza kutajwa baadaye. Katika fedha zilizopatikana, mwandaaji anaweza kutoa kiasi kisichozidi pauni 500 kwa kununua zawadi na pauni 100 kwa gharama nyingine. Zawadi zilizotolewa bure na wafadhili hazina kikomo hicho. Fedha zote zinazobaki huenda kwenye lengo lililotangazwa. Tangu mwaka 2016 tukio lenyewe linaweza kuwa la kibiashara, kwa mfano tamasha la muziki lenye kiingilio, lakini faida ya droo haiwezi kwenda kwa mwenye tamasha.

Kuna pia droo za ndani: za wanachama wa chama, za wafanyakazi wa sehemu moja ya kazi, na za wakazi wa jengo moja. Tiketi haziuzwi nje ya kundi linalohusika. Hapa ndipo huangukia mchezo wa ofisini ambapo kila mmoja hulipa pauni moja au mbili na kuokota jina la farasi kabla ya mbio za Grand National. Droo ya wafanyakazi au wakazi inaweza kuchangia jambo la hisani. Isipofanya hivyo, fedha zote hurudi kwa washiriki kama zawadi baada ya kutoa gharama halisi. Aliyekusanya fedha hana fungu lake.

Mwenye duka au baa naye anaweza kuwachezeshea wateja waliomo katika jengo lake. Zawadi haiwezi kuzidi thamani ya pauni 50, droo haiwezi kufanyika zaidi ya mara moja katika siku 7, na hakuna faida inayoruhusiwa. Kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kutumia droo kuvutia wateja, lakini hawezi kuipatia kipato.

Bahati nasibu za vyama

Chama kinachotaka kuuzia umma tiketi kwa siku au wiki nyingi lazima kiwe kimeundwa kwa ajili ya hisani, michezo, utamaduni au lengo lingine lisilo la faida binafsi. Chama kilichobuniwa kwa ajili ya kuchezesha bahati nasibu pekee hakistahili.

Chama kidogo hujisajili katika halmashauri ya mtaa wake kwa ada ya pauni 40, kisha pauni 20 kila mwaka. Mauzo ya droo moja hayawezi kuzidi pauni 20,000, na ya mwaka mzima pauni 250,000. Chama kikivuka mpaka wa mwaka kinahitaji leseni ya Tume ya Kamari, na kinaendelea kuhesabiwa kuwa kikubwa kwa miaka mitatu inayofuata hata mauzo yakishuka. Kwa vyama vikubwa mipaka iliongezwa mwaka 2020: pauni milioni 5 kwa droo moja na pauni milioni 50 kwa mwaka.

Angalau asilimia 20 ya mauzo yote lazima iende kwenye lengo la chama. Kwa tiketi za pauni 1,000, kiasi hicho ni pauni 200. Zinazobaki zinaweza kutumika kwa zawadi na gharama. Zawadi moja ya chama kidogo haiwezi kuzidi thamani ya pauni 25,000. Kwa chama kikubwa kikomo ni pauni 25,000 au asilimia 10 ya mauzo, ile iliyo kubwa zaidi.

Tiketi hutaja jina la chama, bei, tarehe ya droo, na jina na anwani ya mhusika. Bei ya kila tiketi katika droo moja ni sawa. Kwa sababu hiyo punguzo lililozoeleka sokoni, la kulipia nne na kupewa tano, haliruhusiwi, maana anayenunua tiketi moja angekuwa amelipa zaidi kwa nafasi ile ile. Mnunuzi awe na umri wa miaka 16 au zaidi. Droo za ndani ya tukio na zile za ndani ya kikundi hazibanwi na sharti hilo, ndiyo maana watoto hununua tiketi katika sherehe za shule zao. Ndani ya miezi mitatu baada ya droo, chama kidogo hupeleka halmashauri taarifa ya mauzo, zawadi, gharama na kiasi kilichokwenda kwenye lengo, ikiwa na saini za wanachama wawili.

Mahali faida binafsi inapoingia

Katazo la faida binafsi halimaanishi kwamba hakuna anayepata fedha. Vyama vinaweza kuajiri kampuni ya kuendesha bahati nasibu kwa niaba yao, mradi kampuni hiyo ina leseni ya Tume ya Kamari. Malipo yake huingia katika gharama, na sheria haikuyawekea kikomo tofauti: kinacholindwa ni ile asilimia 20.

Suala hilo lilifika mahakamani kupitia The Health Lottery, iliyoanzishwa mwaka 2011 na kampuni ya mfanyabiashara Richard Desmond. Iliunganisha vyama 51 vya maeneo mbalimbali chini ya jina moja, msimamizi mmoja na matangazo ya nchi nzima, huku kila chama kikibaki ndani ya mipaka yake. Kati ya kila pauni moja iliyouzwa, peni 20.34 zilikwenda kwenye malengo ya afya, yaani juu kidogo tu ya kiwango cha chini. Camelot, kampuni iliyoendesha Bahati Nasibu ya Taifa wakati huo, ililalamika kwamba hiyo ilikuwa bahati nasibu ya pili ya taifa iliyovaa vazi la vyama vidogo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ililikataa ombi lake na kusema kwamba kama kuna tatizo, ni la kisiasa zaidi kuliko la kisheria.

Nyumba kama zawadi

Mtu aliyeshindwa kuuza nyumba yake anaweza kufikiria kuuza maelfu ya tiketi na kumpa mshindi nyumba. Kwa njia ya bahati nasibu haiwezekani. Yeye si chama, na fedha ni zake. Hata chama chenye leseni kingehitaji mauzo ya pauni milioni 5 ili kutoa nyumba ya pauni 500,000. Wanaofanya hivyo kihalali hupita nje ya maana ya bahati nasibu kwa kuondoa moja kati ya mambo yale matatu.

Njia ya kwanza ni kuondoa bahati tupu, yaani kufanya shindano la maarifa au ustadi. Swali liwe gumu kiasi cha kuzuia sehemu kubwa ya washiriki wasishinde, au kuwazuia wengi wanaotaka kushiriki wasiingie. Swali ambalo karibu kila mtu analijua, kama jina la mji mkuu wa Ufaransa, halitoshi. Waliojibu sawasawa wanaweza baadaye kuchaguliwa kwa kura.

Njia ya pili ni kuondoa malipo. Mwandaaji anaweza kuuza tiketi ikiwa pia ameweka njia ya kuingia bure, kwa mfano barua ya posta ya kawaida. Gharama ya stempu haihesabiwi kuwa malipo. Lakini njia hiyo lazima itangazwe waziwazi, na aliyeingia kwa barua awe na nafasi sawa na aliyelipa. Kampuni kubwa zinazotoa majumba ya kifahari kwa kushirikiana na mashirika ya hisani hutumia njia hii. Mipango ya aina hiyo haihitaji leseni ya Tume ya Kamari, na ile asilimia 20 haiibani: mwandaaji anaweza kutoa zaidi kwa hisani, kidogo, au asitoe chochote, ilimradi asidanganye kuhusu kiasi anachotoa.

Kinachomlinda mshiriki hapo ni sheria za biashara na kanuni za matangazo. Mamlaka ya Viwango vya Matangazo hutaka zawadi itolewe kama ilivyotangazwa, au nyingine inayolingana nayo. Imewahi kuyakubali malalamiko dhidi ya waandaaji walioahidi nyumba, kisha wakatoa fedha pungufu kwa sababu tiketi hazikuuzwa za kutosha.

Afrika Mashariki

Kenya ilitunga sheria yake ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, kwa mtindo uliofanana na ule wa Uingereza: bahati nasibu ni haramu isipokuwa zile zilizoruhusiwa na sheria yenyewe. Nchini Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Vikomo vya pauni vilivyotajwa hapo juu havitumiki katika nchi hizo, na kibali kilichotolewa Uingereza hakimruhusu mwandaaji kuuza tiketi Nairobi au Dar es Salaam.