Mawimbi Yasiyojua Mpaka wa Sirari

Kaskazini mwa Nkende, nchini Tanzania, barabara ya Tarime inafika Sirari na kuishia kwenye mpaka. Ng'ambo ni Isebania, Kenya. Wakuria wanaishi pande zote mbili. Mawimbi ya redio nayo hayasimami kwenye kizuizi.

Redio ya FM ikipokea vituo viwili kwenye masafa yaleyale, hushika chenye nguvu zaidi na kukifunika kingine. Nguvu zikikaribiana, msikilizaji hupata mkwaruzo tu. Kwa hiyo mnara uliowekwa kilimani bila mpango unaweza kumnyima jirani wa nchi nyingine taarifa anayoihitaji.

Hofu ya vituo kuvurugana ni ya zamani. Mkataba wa redio wa Berlin wa 1906 ulitaka vituo viendeshwe bila kuvuruga vingine. Mwaka 1912, baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilitunga sheria ya kuadhibu wanaovuruga mawasiliano kwa makusudi. Kwa vituo vya FM vya ukanda wetu, jambo kubwa zaidi ni mpango wa Geneva wa 1984, uliogawa masafa ya megahezi 87.5 hadi 108 kati ya nchi na nchi.

Redio binafsi zilipochipuka Tanzania miaka ya 1990, ugawaji huo ulihitaji msimamizi mwenye meno. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliundwa kwa sheria ya 2003, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni kwa anayetumia masafa. Ni haki kabisa: masafa ni mali ya umma, na msikilizaji wa Nkende ana fungu lake.