Kutoka Ufukwe wa Nyasa: Tanzania na Dai la Amani na Mageuzi ya Taasisi za Dunia

Ruanda ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, iliyo katika njia ya kutoka Kitai kuteremkia Lituhi kwenye Ziwa Nyasa, na jina lake lisichanganywe na la nchi ya Rwanda. Eneo hilo, pamoja na milima ya Umatengo na vijiji vya ufukweni vya Liuli na Mbamba Bay, huandikwa mara nyingi kama pembezoni mwa historia ya taifa. Makala haya yanalichukua kama mahali pa kutazamia, kwa kuwa karibu kila hoja ambayo Tanzania iliipeleka katika mabaraza ya dunia kuhusu amani na mageuzi ya taasisi ilikuwa imekwisha kuonekana kwa macho katika ufukwe huo: mpaka uliochorwa na wageni, vita ya wageni, na wakimbizi waliovuka mto wakiwa na watoto mgongoni.

Mpaka ndio uliotangulia. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba unaojulikana kwa jina la Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini ambacho Uingereza ilikiachia Ujerumani katika mapatano hayohayo yaliyogawa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kwa upande wa Ziwa Nyasa mkataba huo uliufuatisha mpaka ukingo wa maji hadi mlango wa Mto Songwe, maana yake ni kwamba kwa maandishi ya mkataba huo mvuvi wa Liuli alikuwa katika himaya ya Wajerumani maadamu amesimama mchangani, na akishatia mtumbwi majini alikuwa ameingia himaya ya Waingereza. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Hata hivyo mkataba uliacha mlango wazi, kwa kuwa ulikubali kwamba mipaka ingeweza kurekebishwa kwa maafikiano kulingana na mahitaji ya mahali husika, jambo ambalo wachoraji wake hawakulishughulikia kwa ziwa hili.

Vita ilikuja miaka 24 baadaye. Liuli ya wakati huo iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa sababu ya mwamba mkubwa wa majini ambao wenyeji huuita Pomonda na ambao wageni waliuona kuwa na umbo la sanamu maarufu ya Misri. Hapo ndipo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa ziwani tangu miaka ya 1890, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na hapo ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilipoifyatulia mizinga kabla nahodha wa Kijerumani hajapata habari kwamba nchi zao zimeanza kupigana. Manahodha hao wawili walikuwa wakifahamiana. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na vitabu vya Ulaya hulisimulia kama kichekesho cha vita. Usimulizi huo haufai. Kwa Wanyasa wa Liuli, mizinga hiyo ilikuwa mwanzo wa miaka ya kukamatwa kwa ajili ya upagazi, kunyang'anywa chakula na kufa kwa maradhi, katika vita ambayo hawakuianzisha na ambayo hakuna taasisi yoyote duniani waliyoweza kuiendea kuomba isimame.

Taasisi ziliundwa baada ya hapo, na Tanganyika ilizifahamu kwa namna ambayo nchi nyingi hazikuzifahamu, kwa kuwa yenyewe ilikuwa mali yao ya kutunza. Mwaka 1922 Ushirika wa Mataifa, chombo cha kwanza cha dunia cha kulinda amani, uliikabidhi Tanganyika kwa Uingereza kama nchi ya mamlaka, yaani nchi inayotawaliwa kwa niaba ya jumuiya ya mataifa na kutolewa taarifa kila mwaka. Mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Tofauti kati ya koloni na udhamini ilikuwa ndogo shambani lakini ilikuwa kubwa katika sheria, kwa sababu mtu wa nchi ya udhamini aliruhusiwa kupeleka malalamiko New York. Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata mjumbe wao Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma hiyo. Alisikilizwa, akaonewa huruma, na ardhi haikurudishwa.

Safari hiyo ilifundisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba dunia inaweza kuambiwa, na kwamba kuambiwa hakuilazimishi kutenda. Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini mwezi Machi 1955, muda mfupi baada ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 kukadiria kwamba uhuru ungewezekana ndani ya miaka 20 hadi 25, alitumia somo la kwanza huku akijihadhari na la pili, kwa kujenga chama nyumbani wakati huohuo akijenga hoja ng'ambo. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na siku tano baadaye Tanganyika ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Nchi iliyokuwa ikijadiliwa ikaanza kujadili.

Dai lake la amani halikuwa dai la utulivu peke yake, na hapa ndipo wengi walioisikia Tanzania kwa mbali walipokosea. Viongozi wake walishikilia kwamba mahali ambapo watu wachache wanawatawala wengi kwa bunduki hakuna amani ya kulindwa, bali kuna vita iliyonyamazishwa, na kwa hiyo kuwasaidia wapigania uhuru ilikuwa sehemu ya kazi ya amani. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka hapohapo Kamati yake ya Ukombozi. Vita vya Msumbiji vilipoanza mwezi Septemba 1964, Ruvuma ikawa njia na kimbilio. Wakimbizi walivuka Mto Ruvuma kwa maelfu, wengine wakawekwa Muhukuru katika Wilaya ya Songea, wakagawana ardhi, visima na zahanati na wenyeji ambao wenyewe hawakuwa na vya kutosha, na kusini zaidi, kwenye ufukwe huohuo wa mashariki wa ziwa, Wareno walikuwa na kituo chao cha jeshi la majini pale Metangula. Familia za pwani ya Nyasa zina ndugu pande zote za mpaka, kwa hiyo kile ambacho Dar es Salaam kiliitwa sera ya ukombozi, ufukweni kilikuwa ujirani.

Gharama haikuishia mipakani. Mwezi Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutekeleza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru wao peke yao, na kwa hatua hiyo ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5, fedha nyingi mno kwa nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne. Nchi nyingi zilizopiga kura ya azimio hilo hazikulitekeleza. Uzito wa sauti ya Tanzania katika miaka iliyofuata ulitoka zaidi katika uamuzi wa namna hiyo kuliko katika ufasaha wa hotuba, ingawa hotuba nazo zilikuwa fasaha.

Haifai kuficha kwamba msimamo huo ulikuwa na mikwaruzo. Mwezi Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, kinyume cha karibu Afrika nzima na kinyume cha kanuni ambayo yenyewe iliisimamia katika mkutano wa Umoja huo kule Cairo mwezi Julai 1964, kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoirithi siku ya uhuru. Miaka kumi baadaye, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani mvamizi, na Tanzania ikapigana mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wapo walioona hapo unafiki. Uamuzi wa haki zaidi ni kwamba mambo hayo mawili yaliutia aibu utaratibu wa bara zima, uliolinda mipaka na marais lakini haukumlinda raia. Na Sheria Anzilishi ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, iliyoandaliwa wakati Salim Ahmed Salim wa Tanzania akiwa Katibu Mkuu wa chombo kilichotangulia, iliupa Umoja haki ya kuingilia kati kunapotokea mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita.

Salim, mzaliwa wa Pemba, ndiye pia aliyeonja kwa mwili wake kasoro kuu ya Umoja wa Mataifa. Akiwa balozi New York kuanzia mwaka 1970, aliongoza kwa miaka mingi kamati ya kuondoa ukoloni, akawa miongoni mwa waliosukuma uamuzi wa Oktoba 1971 wa kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, na mwaka 1979 akachaguliwa Rais wa Baraza Kuu. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu. Hapo akakutana na kura ya turufu, yaani uwezo wa kila mmoja wa wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, ambao ni Marekani, Urusi (wakati huo Muungano wa Kisovyeti), China, Uingereza na Ufaransa, kulizima pendekezo lolote hata likiungwa mkono na wengine wote. Marekani ilimzuia Salim na China ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwa madarakani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi duru 16, na mwishowe wote wawili wakakaa kando na nafasi akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nchi ndogo iliyoiombea China kiti ilishindwa na utaratibu wa viti hivyohivyo.

Kuhusu silaha za nyuklia, Nyerere aliungana mwaka 1984 na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Meksiko na Sweden kuyataka mataifa yenye silaha hizo yasimamishe majaribio na utengenezaji wake, hoja ikiwa kwamba wasio na mabomu nao watakufa kwa mabomu na kwa hiyo wana haki ya kusema. Mtu anayejua kilichotokea Liuli mwaka 1914 hahitaji kuelezwa hoja hiyo mara mbili.

Dai zito kuliko yote, na lililoshindwa vibaya kuliko yote, lilihusu fedha. Shirika la Fedha la Kimataifa hupima kura kwa ukubwa wa mchango, hivyo mkopeshaji ndiye mwamuzi na mkopaji ni mshitakiwa. Baada ya bei ya mafuta kupanda na vita ya Kagera kumaliza akiba, shirika hilo liliitaka Tanzania ishushe thamani ya shilingi na kupunguza matumizi ya huduma za jamii, na Nyerere alikataa hadharani katika salamu zake za mwaka mpya kwa mabalozi mwanzoni mwa 1980. Kati ya tarehe 30 Juni na 3 Julai mwaka huo mkutano uliofanyika Arusha ulitoa mapendekezo yaliyoitwa Mpango wa Arusha, yakitaka mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu fedha na mfumo mpya ambao hautategemea sarafu ya taifa moja. Mkutano huo wa dunia haukuitishwa, na mwaka 1986 Tanzania yenyewe ilitia saini makubaliano na shirika lilelile. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, ambaye bei ya zao lake hupangwa katika masoko asiyoyaona, shauri hilo halikuwa la nadharia. Tume ya Kusini, ambayo Nyerere aliiongoza kuanzia 1987 na kutoa taarifa yake mwaka 1990, iliendeleza hoja hizo bila kuwa na mamlaka ya kuzitekeleza.

Vizazi vilivyofuata vilibadili lugha zaidi ya kubadili dai. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, na Tanzania imeunga mkono Makubaliano ya Ezulwini ya mwaka 2005, ambamo Afrika inadai viti viwili vya kudumu vyenye haki zote na jumla ya viti vitano visivyo vya kudumu. Marekebisho pekee ya ukubwa wa Baraza la Usalama hadi sasa ni yale yaliyoanza kutumika mwaka 1965, yaliyoongeza wajumbe kutoka 11 hadi 15.

Inabaki ziwa lenyewe, na hapa kanuni za Tanzania zinaipima Tanzania. Mwezi Januari 1967 serikali iliiandikia Malawi kwamba mpaka unapita katikati ya maji, Rais Kamuzu Banda akakataa, na mwaka 1968 akadai hata nchi kavu ya kusini mwa Tanzania. Malawi husimama juu ya mkataba wa 1890 na juu ya kanuni ya Cairo, ambayo Tanzania iliitetea. Tanzania husimama juu ya desturi ya sheria za kimataifa ya kugawa maziwa kwa mstari wa kati, juu ya taarifa za Waingereza wenyewe kwa Ushirika wa Mataifa, baadhi yake zikiweka mpaka katikati ya ziwa, na juu ya mfano wa jirani, kwa kuwa mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuuhamishia mpaka wa upande wa Msumbiji katikati ya maji hayohayo. Hoja ya mstari wa kati ina haki zaidi, kwa sababu watu wa Mbamba Bay hawawezi kuwa wageni katika maji wanayokunywa, lakini nguvu yake inategemea Tanzania kuipeleka kwa njia ileile ambayo yenyewe iliwataka wakubwa waifuate. Utafutaji wa mafuta ulipouchochea mgogoro tena mwaka 2012, shauri lilipelekwa kwa usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, na bado halijapata ufumbuzi. Tangu barua ya Januari 1967 hadi leo, nchi hizo mbili hazijapigana vita kwa ajili ya Ziwa Nyasa.